Ngome ya Lamu: lipu ya saruji au ya chokaa?

Ngome ya Lamu, iliyo pale uwanja wa Mkunguni, ilianza kujengwa 1813 na kukamilika 1821. Tangu 1910 hadi 1984 ilikuwa jela, kisha ikaingia mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ni jengo linalotumika, na jengo linalotumika hubanduka lipu. Mabishano huanza hapo: lirekebishwe kwa saruji au kwa chokaa?

Wa saruji wana hoja. Mfuko unapatikana, kila mwashi anajua kuichanganya, na kesho yake lipu imeshika. Chokaa ina safari ndefu: matumbawe yachomwe tanurini, yazimwe kwa maji, yaloweshwe, kisha sehemu moja ichanganywe na tatu za mchanga usio na chumvi. Mchanga wa ufukweni ni balaa. Lipu ya chokaa hupigwa tabaka jembamba, sentimita moja au zaidi kidogo, ukuta ukiwa umeloweshwa kwanza, halafu hutiwa maji kwa siku kadhaa. Ikikaukia juani upesi, huchanika na kuwa unga ukiigusa. Na tanuri hula kuni, zikiwemo za mikoko, na mikoko ya Lamu ina historia yake: usafirishaji wa boriti zake nje ya nchi ulipigwa marufuku 1982, na 2018 ukataji ukasimamishwa tena.

Hayo yote kweli. Lakini ukuta wa matumbawe umejaa vitundu, na hunywa unyevu kutoka ardhini na kwenye hewa ya bahari. Lipu ya chokaa huuachia unyevu huo utoke nje. Saruji huufungia ndani. Chumvi ikikosa njia hujikusanya nyuma ya lipu, ikikauka hugeuka fuwele na kusukuma. Gonga ukuta kwa kidole: penye mlio wa chungu kitupu, lipu imeshaachana na jiwe. Ikidondoka huondoka na ngozi ya jiwe lenyewe, na fundi anayekuja baadaye hukuta ukuta mwembamba kuliko alioupata wa kwanza.

Hasara kubwa zaidi huwa haionekani. Boriti za mkoko huingiza vichwa vyake ndani ya ukuta. Ukuta ukibaki na maji, kichwa huoza huku sehemu iliyo chumbani ikionekana nzima, na mtu anayetazama dari kutoka chini hatajua.

Kwa hiyo kwenye kuta za zamani ni chokaa, hata iwe ghali. Sioni ubaya wa saruji kwenye choo kipya au msingi wa tangi, mradi visishikane na ukuta wa kale. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni viraka: mtu akishapitisha bomba au waya hujaza tundu kwa saruji, kwa kuwa ni kadogo. Pembeni mwa kiraka hicho ndipo lipu ya chokaa huanza kuvimba.