Kabla ya mche, yatazame maji

Ikifika tarehe 2 Februari, Siku ya Ardhioevu Duniani, au 26 Julai, siku ya mikoko, picha huwa ni zile zile kuanzia Lamu hadi Mtwara. Mgeni rasmi kavaa buti za mpira, kavalia fulana mpya juu ya shati, na mkononi kashika mbegu ndefu ya kijani. Jioni taarifa inatoka: imepandwa miche elfu kadhaa. Mwaka mmoja na nusu baadaye hakuna anayerudi kuhesabu, na kwa maeneo mengi ni afadhali asirudi, maana atakuta vijiti.

Idadi ya miche iliyopandwa ndiyo kipimo kibovu kuliko vyote katika kazi ya kurudisha mikoko. Inapima jasho la siku moja. Msitu wa bahari unaamuliwa na maji: yanafika mara ngapi, yanakaa muda gani, yanatokea wapi na yanaleta nini. Maji yakikaa sawa, mara nyingi mikoko hujiotea yenyewe. Yasipokaa sawa, hata ukipanda mara tano unawalisha kaa tu.

Tunasema "mikoko" kwa jina moja, lakini Kenya na Tanzania kuna aina tisa au kumi, na wakata boriti wa zamani hawakuzichanganya hata siku moja. Mbele kabisa, uso kwa uso na mawimbi, yupo mlilana, ambaye mizizi yake ya kupumulia huchomoza topeni kama vigingi vinene. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya magongo. Kisha muia, kisha mkandaa, ambao magome yake yalitumika kwa rangi na kwa kulainishia ngozi. Nyuma, kwenye chumvi kali, ni mchu, ijapokuwa mchu huo huo huota tena mbele baharini bila kumwomba mtu ruhusa. Penye maji baridi ya mto utamkuta msikundazi na mkomafi. Kila mti umesimama kwenye kimo unachokimudu. Tofauti ya sentimita 20 au 30 za mwinuko inatosha kubadilisha kabisa idadi ya siku ambazo maji hufika kwa mwezi: mlilana hufunikwa mara mbili kwa siku, wakati mchu wa nyuma hungoja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo.

Sasa kwa nini katika hafla zetu karibu kila mara hupandwa mkoko tu? Sababu inatia aibu kidogo: ni rahisi kushika. Mbegu yake huchipua ikiwa bado mtini, ni ndefu, unaiokota na kuichomeka, basi. Mbegu za mlilana ni ndogo ndogo ndani ya tunda na zinataka kitalu na subira. Mchu nao unahitaji viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Hivyo mkoko unapelekwa mahali pa mlilana, mahali pa mchu, au, na hili ndilo kosa kubwa zaidi, mahali ambapo hapajawahi kuota mti wowote: uwanda wa tope ulio wazi maji yakipwa, fungu la mchanga, au juu ya majani ya bahari.

Uwanda huo huchaguliwa kwa sababu hauna mwenyewe wa kugombana naye. Lakini hauko mtupu. Ndege wahamaji hula pale, wanawake huokota chaza pale, na majani ya bahari ni malisho ya nguva na kasa na pia yana hazina yake ya kaboni chini ya mchanga. Kupanda miti hapo ni kuvunja nyumba moja ili kujenga nyingine, na hiyo ya pili haisimami. Mikoko huishi kuanzia takriban usawa wa wastani wa bahari kwenda juu hadi ukomo wa bamvua kubwa. Chini ya hapo mche hukaa majini saa nyingi mno, mizizi hukosa hewa, na viumbe wadogo wa magamba makali huganda kwenye shina hadi linalala kwa uzito. Ufilipino walipitia njia hii kwa miongo kadhaa na fedha nyingi. Katika miradi mingi ya namna hiyo miche iliyosalia ilikuwa kati ya asilimia 10 na 20. Hatuna haja ya kulipa ada ya somo hilo mara ya pili.

Kujua kimo sahihi hakuhitaji mtambo. Tafuta msitu mzima ulio karibu, wenye afya, kwenye hori hilo hilo, yaani mkono huo huo wa bahari unaoingia nchi kavu. Chomeka fito pale anapoishia mkoko upande wa bahari, nyingine katikati, nyingine anapoanzia mchu wa nyuma. Chomeka fito nyingine kwenye eneo unalotaka kurudishia miti. Zipake zote chaki ya rangi kuanzia chini hadi juu kabisa. Siku ya bamvua isiyo na upepo, maji yakishajaa na kupwa, pima kila fito chaki imeoshwa hadi wapi. Kama kwenye mwisho wa msitu maji yalipanda sentimita 120 na kwako yamepanda 160, uko chini kwa sentimita 40, na hapo si pa kupanda. Waashi wana njia nyingine, mpira mweupe uliojaa maji wa kupimia usawa. Unafanya kazi topeni vizuri kama unavyofanya kwenye msingi wa nyumba.

Ukishajua kimo, uliza swali ambalo hafla hazina muda nalo: miti iliyokuwapo ilikufa kwa nini, na kwa nini haikurudi? Mlilana na mkoko hudondosha mbegu kila mwaka, na maji huzisambaza bure. Eneo lililokaa tupu miaka kumi karibu na msitu unaozaa lina ugonjwa. Wakati mwingine ni ukataji unaoendelea, na dawa yake iko kijijini wala haiko kwenye kitalu. Mara nyingi zaidi ni maji.

Hori la Mwache, Mombasa, ni mfano ulio wazi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashamba ya bara, ukafunika mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa kwa mamia ya hekta bila shoka kuigusa. Mti ule unavuta hewa kupitia mizizi iliyo juu ya tope; ukiufukia ni kama kumziba mtu pua. Kupanda upya hapo bila kushughulikia matuta ya kuzuia mmomonyoko juu ya mto ni kusubiri El Niño nyingine. Mahali pengine tatizo ni barabara iliyokatiza hori ikaachiwa kalvati moja nyembamba: upande wa bara maji huingia kidogo, hukauka, chumvi hupanda, na hata mchu hudumaa. Kalvati mbili pana zaidi zitafanya kazi kuliko miche 20,000.

Na yapo majaruba ya chumvi yaliyotelekezwa. Kuta zake za udongo bado zimesimama, maji ya bamvua huingia na kunaswa, jua huyakausha, na sakafu hubaki nyeupe ngumu. Hapo kazi ni jembe. Tafuta mkondo wa zamani ulipokuwa (picha za setilaiti huuonyesha, na wavuvi wazee huukumbuka), bomoa ukuta hapo hapo, na uchimbe mkondo hadi jaruba liweze kujaa na kutoka lote kila maji yanapokupwa. Usibomoe sehemu kumi ovyo. Maji yatachimba pote na kuondoka na tope laini ambalo mbegu zinalihitaji. Kisha acha misimu miwili ya mvua ipite ili chumvi ioshwe. Kama kuna miti inayozaa jirani, utaona miche yenyewe ikianza kandokando ya mkondo.

Kupanda kuna mahali pake: pale ambapo maji yako sawa lakini mbegu hazifiki, au aina fulani imetoweka. Kwa mkoko, chukua mbegu iliyokomaa, ile ambayo shingo yake imegeuka manjano na inayoachia mtini ukiizungusha kidogo tu. Mbegu ya kuvutwa kwa nguvu ni changa, itaoza. Itupe yenye matundu ya wadudu. Ihifadhi kivulini, ikiwa na unyevu, na uipande ndani ya siku chache. Chomeka kama theluthi moja ya urefu wake, ncha kali chini (wapo wanaoipindua, wasicheke wasomaji), nafasi ya mita moja kwa moja, yaani 10,000 kwa hekta. Anza mwanzoni mwa maji mafu, siku ambazo bahari hujaa kidogo, ili mizizi ipate siku kadhaa za kushika kabla ya bamvua kuja kuvuta. Mlilana na mchu wapitishe kitaluni kwenye viriba, kitalu kikiwa mahali ambapo maji ya bahari huingia yenyewe, hadi wafike sentimita 30 hivi. Siku ya kupanda, viriba vitolewe na vihesabiwe. Kupeleka plastiki 5,000 baharini kwa jina la mazingira ni jambo ambalo halipaswi hata kuandikwa, lakini hutokea.

Baada ya hapo maadui wanajulikana. Kaa hukata miche michanga. Mbuzi hupenda majani ya mchu, kwa hiyo kubaliana na wafugaji mapema. Mwani na takataka hunasa kwenye vijiche na kuviangusha, kazi ya kuondoa ni ya kila wiki. Nyavu zinazokokotwa hung'oa safu nzima kwa asubuhi moja.

Lakini tukiwa na shilingi moja tu ya kutumia, niiweke wapi? Kwenye msitu uliosimama. Gazi, kaunti ya Kwale, ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwani majaribio ya kupanda yalianza huko 1991 na mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa tangu 2013, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo msitu unaihifadhi. Eneo lake ni hekta 117, na kati ya hizo karibu 107 ni msitu wa asili unaolindwa, wakati miti iliyopandwa ilikuwa hekta 10 hivi. Hewa ya ukaa inayohesabiwa ni kama tani 3,000 kwa mwaka, na mapato yamekwenda kwenye maji ya bomba na shule za Gazi na Makongeni. Jambo ambalo watu hulipita haraka ni mvinje, mti ulionyooka unaokua upesi: mradi ulipanda mashamba ya mvinje nchi kavu ili watu wapate nguzo na kuni bila kuingia msituni. Katazo lisilo na mvinje ni karatasi tu.

Kwa nini msitu uliosimama una thamani hivyo? Kwa sababu sehemu kubwa ya kaboni haiko kwenye shina, iko topeni, imelimbikizwa kwa karne nyingi mahali pasipo hewa ambapo majani hayaozi kikamilifu. Ukikata na kufukua, tope linakutana na hewa, na akiba ya mababu inapanda angani kwa miaka michache. Shamba jipya la mikoko halirudishi hilo katika umri wa mtu mmoja. Vivyo hivyo kwa samaki na kamba wanaokulia kati ya mizizi: wanahitaji mizizi iliyoshonana, na vijiti vya mita moja kwa moja haviwafichi.

Sipendekezi kufungia msitu wote. Boriti za unene wa sentimita 11.5 hadi 13.5 zimejenga Lamu, Unguja na Oman, na upana wa vyumba vya kale unafuata urefu wa boriti. Kosa lililofanyika ni kuchagua miti iliyonyooka tu, mwaka baada ya mwaka, hadi kinachobaki kuzaa mbegu ni miti iliyopinda. Uvunaji mzuri huacha miti mama iliyonyooka na huondoa pia iliyopinda.

Rufiji ndiko hoja hii inapokuwa nzito zaidi. Delta yake ina takriban hekta 53,000 za mikoko, na pamoja na Mafia na Kilwa iliingizwa mwaka 2004 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Upande wa kaskazini, maji baridi ya mto ni mengi kiasi kwamba mpunga unaota mahali pa mikoko, hivyo miti hukatwa, majaruba hulimwa miaka michache, magugu na kaa wakizidi mkulima husogea mbele. Mkulima yule hana ujinga wowote. Anafuata maji, kama mkandaa unavyoyafuata. Juu ya mto huo huo kuna Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Mwache iliuawa na tope lililozidi. Delta yoyote iliyo chini ya bwawa kubwa inakabiliwa na kinyume chake, kwani tope hunaswa nyuma ya ukuta, na bahari huendelea kula kingo bila kulipwa. Ratiba ya kufungulia maji bwawani ni hati ya mikoko kama ilivyo hati ya umeme, na watu wa misitu wanapaswa kukaa kwenye meza hiyo.

Kwa wafadhili, basi, badilisheni mkataba. Andikeni kwanza chanzo cha kifo cha miti na kimo cha eneo, na msitoe hata senti ya miche kabla ya hayo. Wekeni viwanja vya kudumu vya mita 10 kwa 10, vihesabiwe miezi 6, 12, 24 na 36, na malipo ya mwisho yangoje hesabu ya mwezi wa 36. Kwenye fomu ya kuhesabia iwepo safu ya pekee ya miche iliyojiotea. Maji yakiwa yametengenezwa vizuri, hiyo ndiyo safu itakayojaa kwanza.