Kifungu cha 29 hakifiki Kongowea

Malori ya mboga kutoka Wundanyi, kule milimani Taita, huingia soko la Kongowea hapa Mombasa kabla ya adhana ya alfajiri. Mimi huenda saa hizo kwa sababu kabeji bado ni rahisi, na kusema kweli kwa sababu sipendi kusukumana na watu. Kijana anayenibebea magunia hadi kwenye tuktuk huwa keshaamka. Kabla hajagusa mzigo wa mtu, humfuata utingo wa lori na kumuuliza: "Huko juu kumenyesha?"

Nilidhani anabashiri bei. Baadaye sana ndipo aliponiambia kwamba huko juu kuna shamba walilopanda maharagwe yeye na nyanyake, na hajui nani aliyavuna.

Ana miaka 15. Mamake alimwacha kwa nyanya akiwa mchanga, akaenda kutafuta kazi, basi. Nyanya akamlea kwa mboga za kuuza na zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali, wanazopewa wazee kila mwezi. Nyanya akafariki, na pesa zikakoma. Watu wakazika, wakala matanga, wajomba wakaketi. Nyumba ikatiwa kufuli mpya. Kijana akaambiwa "tutaona". Alikaa kwa jirani wiki mbili akingoja kuona, kisha akapanda lori la kabeji.

Pale sokoni wanamwita chokoraa aliyetoroka kwao. Lakini ukihesabu siku, makao yake yalipotea kwenye kikao cha matanga, mbele ya mzee wa kijiji na jamaa tele, kabla hajaijua hata harufu ya Mombasa. Kikao hicho kilipiga hesabu ya kila kitu: jeneza, turubai, mchele, viti vya kukodi ambavyo viwili vilivunjika. Yeye ndiye aliyekuwa akigawa chai. Hakuna aliyeuliza atalala wapi.

Sitaki kuwachora wajomba kama mashetani. Mmoja, kwa maelezo ya kijana mwenyewe, amepanga chumba kimoja Mazeras na ana watoto wanne humo. Kumlisha wa tano si maneno ya mdomoni. Ila kushindwa kumlisha mtoto ni jambo moja, na kumfungia nyumba aliyolelewa ndani yake ni jambo jingine, na hilo la pili halihitaji umaskini.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sheria inamjua kijana huyu. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, kifungu cha 29, inawataja wajukuu ambao marehemu alikuwa akiwakimu hadi kufa kwake. Ni wategemezi, na mahakama inaweza kuamuru watengewe fungu katika mali iliyoachwa. Kifungu cha 45 nacho kinasema kujitwalia au kuchezea mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ni kosa la jinai. Yaani ile kufuli mpya yenyewe ilikuwa na maswali ya kujibu.

Lakini sheria hiyo hiyo ina saa yake. Ombi la mtegemezi sharti lifike kortini kabla hati ya usimamizi wa mirathi, ile inayompa mtu idhini ya kusimamia mali ya marehemu, haijathibitishwa na korti. Ikishathibitishwa, mlango umefungwa. Na mtoto hawezi kushtaki peke yake. Lazima mtu mzima asimame kwa niaba yake, na watu wazima wake ndio hao wenye kufuli.

Kwa hiyo mimi naona pa kuanzia ni kwa chifu, tena palepale kijijini. Familia ikitaka kufungua mirathi, korti hudai barua ya chifu yenye orodha ya warithi. Chifu anaujua mtaa wake. Anajua nani alikuwa akichota maji ya yule bibi na nani alimpeleka zahanati. Asitie muhuri kabla hajauliza nani alikuwa akila chungu kimoja na marehemu, na akiwa ni mtoto, jina lake liandikwe na afisa wa watoto apigiwe simu siku hiyo. Anayelipa pesa za Inua Jamii naye anapofuta jina la mzee aliyefariki, aulize swali hilohilo. Hatuhitaji sheria mpya wala warsha ya siku tatu hotelini. Warsha tumezishiba.

Juma lililopita nilimweleza kijana haya yote, tumekaa juu ya magunia. Nikamwambia tunaweza kuanzia kwa afisa wa watoto, halafu mahakama ya Wundanyi. Alisikiliza vizuri, amejifunga ile leso ya nyanyake kiunoni kama mkanda.

"Mama, kesi yenyewe huisha siku moja?"

Nikamwambia hapana, huahirishwa.

"Sasa huko Wundanyi nikingoja kuitwa, nitalala wapi?"

Lori jingine likaingia. Akaruka chini, akaenda kumuuliza utingo kuhusu mvua.