UPS dukani: tunanunua dakika au tunanunua betri?

Wenye saiba, yale maduka ya kompyuta na intaneti, hapa Malindi wamegawanyika. Kuna wanaoshikilia kwamba kila kompyuta ya mezani iwe na UPS yake, kile kikasha chenye betri kinachoishikilia kompyuta stima ikikatika, na kuna wanaosema kifaa hicho kimepitwa na wakati: nunua laptopu, au funga inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) na betri kubwa, yaishe. Pande zote mbili zina hoja, ila naona zote hubishania dakika na kusahau volti na joto.

Tuanze na hizo dakika. UPS ya kawaida madukani, ile iliyoandikwa VA 650, yaani kipimo cha ukubwa wake, humudu wati 360 hivi, na ndani mna betri moja ya madini ya risasi, volti 12 na ampea-saa 7. Zidisha, upate wati-saa 84. Kompyuta na skrini yake zikila wati 120, mtu hujihesabia dakika 40. Hazipati. Betri ya risasi ikinyonywa kwa kasi haitoi yote iliyoandikiwa, na sehemu nyingine hupotea katika kuugeuza umeme. Tarajia dakika 10 hadi 15, tena betri ikiwa mpya. Tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipokaa gizani kwa saa nyingi, UPS ya namna hiyo haikuwa na la kumsaidia mtu kuendelea na kazi. Hapo wapinzani wake wana haki.

Lakini giza refu si kazi yake. Mteja anajaza ritani ya kodi ya KRA, yuko ukurasa wa mwisho, mara stima inakatika kufumba na kufumbua na kurudi. Feni haijaacha hata kuzunguka, ila kompyuta imezima, na mteja anaanza upya huku akikukodolea macho wewe. UPS huhamia kwenye betri ndani ya milisekunde chache, kompyuta isijue kilichotokea. Halafu kuna volti zenyewe. Zinatakiwa ziwe 240, lakini jioni, kila nyumba ikiwa imewasha feni na friji, aliye mwisho wa laini huona taa zikififia. UPS yenye kidhibiti volti huziinua bila kuigusa betri. Ile ya bei ya chini kabisa isiyo nacho hukimbilia betri kila volti zinaposhuka mno, ikaichosha hata siku ambazo stima haikupotea. Ni wanunuzi wachache wanaouliza habari hiyo. Wengi huuliza bei.

Joto ndilo linalokula pesa zaidi. Umri wa betri hizi, miaka 3 hadi 5, hukadiriwa kwa nyuzi 25, na kwa kila nyuzi 10 za ziada hupungua karibu nusu. Sasa chukua kibanda cha mabati mwezi Februari, kaskazi ikivuma, UPS imesukumwa kwenye kona nyuma ya kompyuta isikopita hewa. Miaka 4 inakuwa 2, au chini ya hapo. Fundi akifungua hukuta betri imevimba mbavu, haitoki kwenye kasha mpaka ichokolewe kwa bisibisi, na vishikio vya waya vimeota ukoko kwa hewa ya chumvi. Mwenye duka anasema UPS imekufa, anauziwa nyingine. Mara nyingi iliyokufa ni betri tu.

Na matumizi yetu yanakiharakisha kifo hicho cha betri. Stima ikipotea tunaiacha UPS ilie, tii, tii, hadi ijinyamazie. Betri ya risasi ikimalizwa hivyo na kukaa tupu siku kadhaa, salfeti huganda kwenye mabamba yake na haichaji tena kama zamani. Hifadhi kazi, zima kompyuta, kisha zima na UPS. Printa ya leza isichomekwe humo kabisa: inapojipasha moto huvuta mamia ya wati kwa mkupuo.

Wa laptopu wanasema kweli, ina betri yake ndani, ila stima ikienda rauta nayo huenda, na saiba bila intaneti ni chumba cha viti. Rauta hula kama wati 10, kwa hiyo UPS hiyohiyo ndogo inaweza kuibeba kwa saa kadhaa. Kwangu hapo ndipo pesa yake inaporudi haraka kuliko popote. Inveta yenye betri ya lithiamu huvumilia kuchajiwa mara elfu kadhaa na ndiyo ya anayetaka kufanya kazi gizani mchana kutwa, lakini kwa duka la kompyuta 3 mtaji wake ni mzito, na baadhi ya inveta huchelewa kuhama kiasi cha kompyuta kuzimika. Fundi akujaribishie mbele yako, kompyuta ikiwa imewaka, kabla hujalipa.

Mimi ningeweka UPS kwenye rauta na kwenye kompyuta moja ya kuhudumia wateja, nyingine ziwe laptopu, na betri mpya niitengee pesa kila baada ya miaka 2.

Kuna gharama nyingine isiyo kwenye risiti: betri kuukuu, ambayo huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Pwani tunajua risasi inavyodhuru. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Muuzaji wa betri mpya angepokea ile ya zamani na kukata kidogo kwenye bei, wengi tungemrudishia.