Sheria aliyoitia saini mwenyewe

Machi 2008 Eliot Spitzer alisimama mbele ya kamera jijini New York, mkewe kando yake, akatangaza kwamba anauacha ugavana wa jimbo la New York kwa sababu ya kashfa ya ukahaba. Alikuwa ameushika kwa miezi 14 na ushei. Wengi wanakumbuka uso wa mkewe siku ile. Mimi nakumbuka kazi aliyokuwa ameifanya kabla, na ndiyo inayonifanya nisimsamehe hadi leo.

Tangu 1999 alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo la New York. Alifukua sheria ya mwaka 1921 dhidi ya ulaghai katika biashara ya hisa, iitwayo Martin Act, akaitumia kuwabana wakubwa wa Wall Street, yaani wa mabenki na masoko ya hisa. Alizipata barua pepe za wachambuzi wa hisa wa benki ya uwekezaji ya Merrill Lynch: hadharani waliwahimiza watu wanunue hisa fulani, wao kwa wao wakiziita takataka. Merrill Lynch ikakubali kulipa dola milioni 100 mwaka 2002. Mwaka uliofuata benki kubwa 10 zikakubali kulipa takriban dola bilioni 1.4 katika mapatano na wasimamizi wa serikali, yeye akiwemo. Mtu wa mshahara aliyetia akiba yake kwenye hisa alipata mtetezi, jambo ambalo halitokei mara nyingi popote pale. Mwaka 2006 alichaguliwa gavana kwa asilimia 69 ya kura.

Sasa tazama. Akiwa mwanasheria mkuu aliwashtaki walioendesha biashara ya ukahaba. Akiwa gavana, mwaka 2007, alitia saini sheria iliyoongeza adhabu kwa wanaume wanaonunua ngono. Februari 2008 akawa mteja wa kahaba katika hoteli ya Mayflower, Washington. Nyaraka za mahakama zilimwita Mteja Namba 9. Kilichomfichua ni benki iliyotilia shaka jinsi alivyokuwa akihamisha fedha zake. Alinaswa kwa kufuatwa nyayo za pesa, mbinu aliyowanasia wengine.

Walioendesha huduma ile ya ukahaba walitiwa hatiani. Yeye hakushtakiwa, waendesha mashtaka wa shirikisho waliamua hivyo Novemba mwaka huohuo. Mkuki kwa nguruwe.

Wapo wasemao yalikuwa mambo yake ya chumbani. Sikubaliani nao hata kidogo. Angekuwa hajawahi kumpeleka mtu mahakamani kwa kosa lile, labda tungezungumza.

Machi 17 David Paterson akaapishwa, gavana wa kwanza mweusi wa jimbo hilo. Siku moja kabla, ilitangazwa kwamba benki ya Bear Stearns inauzwa kwa JPMorgan kwa dola 2 kwa hisa. Sisemi Spitzer angeizuia dhoruba ile ya kuanguka kwa mabenki. Lakini wakati watu walipomhitaji mtu anayezijua hila za Wall Street, mwenye ujasiri wa kuzitaja, yeye alikuwa amejifunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka 2013 alirudi kuomba kura awe mdhibiti wa fedha wa jiji la New York, akashindwa na Scott Stringer katika mchujo wa chama chao cha Democratic. Ningekuwa mpiga kura wa huko, ningemnyima yangu, na ningemnyima kwa uchungu.