Zile Si Sanamu za Kuabudiwa

Shangazi yangu alipokuja kunitembelea hapa Vancouver, Kanada, nilimpeleka Stanley Park, pale Brockton Point, ambako nguzo ndefu za mwerezi zilizochongwa na kupakwa rangi zimepangwa uwandani. Watalii hushuka kwenye mabasi, wakapiga picha, wakapanda tena. Shangazi hakupiga picha. Alisimama chini ya nguzo yenye ndege aliyekunjua mabawa, akaikaza kanga yake mabegani kwa ile baridi, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hawa ndio miungu yao?"

Nikamjibu: "Hapana, shangazi. Hizi ni kama vigango."

Akanyamaza. Mgiriama wa Kilifi ukimtajia vigango, zile nguzo tunazowasimamishia marehemu, huna haja ya kuongeza neno. Lakini si wote mnaonisoma mmetoka Kilifi, na swali lile nimeulizwa na Waswahili wengi wanaopita huku. Wengine huziita sanamu, wengine vinyago, na kuna aliyeniambia ni mizimu, akakataa kuzikaribia. Nimeona niandike ninachokijua, kwa sababu kosa hili la jina limewaumiza watu kweli.

Wazungu huziita nguzo za totemu. Neno lenyewe, totemu, si la watu waliochonga nguzo hizi. Limetoka kwa Waojibwe wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka bahari hii. Kwao *doodem* ni ukoo: kuna wa korongo, wa kambare, wa dubu, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Mfanyabiashara wa ngozi aitwaye John Long aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1791 kama "totam", akachanganya ukoo na roho inayomlinda mtu binafsi. Wasomi wa Ulaya wakalidaka hivyo hivyo. Kufikia mwanaanthropolojia James Frazer mwaka 1887 na Sigmund Freud, mtaalamu wa mambo ya nafsi, mwaka 1913, neno la kabila moja lilikuwa limeshafanywa jina la mambo ya watu wote ambao Ulaya iliwaita washenzi. Waojibwe wenyewe hawakuwa na desturi ya nguzo hizi ndefu.

Kama mtu wa Afrika Mashariki anataka kuielewa totemu kwa maana yake ya karibu, aende Buganda aulize habari za muziro, yaani mwiko wa ukoo. Mtu wa ukoo wa Nsenene hali senene, hata akialikwa Bukoba msimu wenyewe, wakati kila nyumba inanukia senene wa kukaanga. Wa Mmamba hali kambare mamba. Wa Ffumbe hamgusi fungo. Na kijana akimpenda binti, kabla ya mengine yote huulizwa: wa ukoo gani? Hiyo ndiyo totemu, na haina nguzo yoyote. Sasa geuka utazame pwani hii ya Pasifiki: mtu mwenye dubu kwenye nguzo yake kwa kawaida hakatazwi kumwinda dubu wala kumla. Kwa hiyo Waganda wana mwiko bila nguzo, na watu wa huku wana nguzo bila mwiko, na wote wametiwa katika gunia moja kwa neno la Waojibwe.

Watu wa pwani hii waliozichonga wana majina yao. Wahaida huiita *gyaa'aang*, Watlingit *kootéeyaa*, Wanisga'a *pts'aan*. Mimi kwa Kiswahili nimeamua kuziita nguzo za ukoo, na ningependa wafasiri na watunga kamusi wafanye hivyo. Hebu nieleze kwa nini.

Pwani hii, kuanzia kusini-mashariki mwa Alaska kupitia British Columbia, ni nchi ya mvua na misitu minene. Mwerezi mwekundu humea hapa ukawa mkubwa ajabu. Mbao yake ni nyepesi, inachongeka vizuri, na haiozi upesi. Watu waliishi katika majumba makubwa ya mbao, kila jumba na jina lake, mkuu wake, mito yake ya samaki na nyimbo zake. Kwa Wahaida kila mtu ni wa Kunguru au wa Tai, na unamfuata mama. Kunguru huoana na Tai, basi. Chini ya hapo kila nasaba ina alama zake, labda nyangumi mwenye pezi refu mgongoni, labda chura, labda mbwamwitu, labda biva, yule mnyama wa mtoni mwenye meno makubwa ya mbele na mkia bapa. Alama hiyo ni mali. Babu au bibi wa zamani alikutana na kiumbe fulani, jambo kubwa likatokea, na tangu hapo wazao wake wana haki ya kumchora kiumbe huyo na kusimulia kisa chake. Asiye wa nasaba hiyo hana haki, hata akiwa fundi namna gani.

Ndiyo maana nguzo haisomeki kama gazeti. Unaweza kujifunza kuwatambua viumbe: tai ana mdomo uliopinda kuelekea chini, kunguru mdomo wake umenyooka, biva ana meno yale na mkia wenye mistari ya kukatana. Lakini kumtambua kunguru si kujua kilichotokea. Kisa kinakaa na wenyewe. Wageni wamezoea kudhani aliye juu kabisa ndiye mkubwa na wa chini ndiye duni. Si hivyo. Mara nyingi wa chini, aliye karibu na macho ya watu, ndiye anayebeba uzito, na fundi mkuu humchonga kwa mkono wake mwenyewe.

Aina zake ni nyingi. Kuna nguzo za ndani zinazobeba paa la nyumba. Kuna za mlangoni. Kuna za ukumbusho, anazosimamisha mrithi kwa heshima ya mkuu aliyetangulia. Wahaida walikuwa pia na nguzo za mazishi, zenye sanduku juu lililowekwa mabaki ya marehemu. Na kuna za kusuta! Hizi nazipenda sana, maana sisi watu wa pwani kusuta tunakujua. William Seward, aliyeinunua Alaska kwa niaba ya Marekani mwaka 1867, alitembelea Watlingit mwaka 1869, akakaribishwa kwa karamu na zawadi za thamani. Hakurudisha chochote. Wakamchonga, wakamweka juu ya nguzo apate kuonekana na kila apitaye, pua na masikio yakiwa mekundu. Nakala ya nguzo hiyo iko Saxman, Alaska. Kwetu msutwaji hupigiwa matarumbeta mlangoni na kuvaliwa kanga yenye maneno. Kwao deni lisilolipwa liliandikwa kwenye mwerezi.

Kilichonifungua macho zaidi ni namna nguzo inavyosimamishwa. Kwa Wahaida na Watlingit, hujichongei mwenyewe. Unaajiri fundi wa upande wa pili, ule unaooana nao. Siku yake ikifika unaita karamu, potlachi, wageni wanatoka mbali kwa mitumbwi, nguzo inavutwa kwa kamba na watu wengi kwa pamoja. Kisha mwenyeji anasimulia: jina hili nimelirithi kwa fulani, alama hii imefika kwangu hivi, mto ule ni wetu tangu siku ile. Na wageni wanalipwa. Wanapewa mali kwa sababu ni mashahidi. Ukiipokea zawadi umekubali kwamba uliyosikia ni kweli, na kesho mtu akibisha, wewe ndiye utakayeitwa kusema. Sasa niambie, hiyo ni sanamu ya kuabudiwa au ni hati?

Mahakama za Kanada zilichelewa sana kulielewa hilo. Wagitxsan na Wawet'suwet'en, watu wengine wa British Columbia, walipodai ardhi yao, walileta mahakamani masimulizi ya majumba yao, yale yanayokwenda sambamba na nguzo na alama. Mwaka 1991 jaji aliyasikiliza, akakataa kuyapa uzito. Tarehe 11 Desemba 1997, katika kesi inayojulikana kwa jina la Delgamuukw, Mahakama ya Juu ikasema amekosea: masimulizi ya mdomo ni ushahidi, na yapewe nafasi yake. Miaka zaidi ya mia watu walikuwa wanaonyesha hati yao, na mbele yao mtu anaona kuni zilizopakwa rangi.

Ufundi huu ni wa kale. Mwaka 1778, baharia Mwingereza James Cook alipofika Nootka Sound katika pwani hii, mchoraji wake John Webber alichora nguzo zilizochongwa ndani ya nyumba. Biashara ya ngozi ilipoleta chuma kwa wingi na utajiri mpya, nguzo ziliongezeka na kurefuka, na katikati ya karne ya 19 vijiji vya Wahaida vilikuwa kama msitu wa pili mbele ya bahari. Halafu ikaja ndui ya mwaka 1862, iliyoanzia mjini Victoria na kupanda pwani yote. Vijiji vizima vilibaki bila mtu. Wamisionari waliowafikia waliosalia waliwaambia nguzo ni ibada ya masanamu, na nyingine zikakatwa au kuchomwa. Mwaka 1884 Kanada ikapitisha sheria ya kupiga marufuku potlachi, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1951. Ukizuia karamu umezuia nguzo, maana nguzo isiyo na mashahidi ni gogo tu.

Na ndipo walipokuja kuzichukua. Mwaka 1899 wafanyabiashara wa Seattle walishuka kwenye kijiji cha Watlingit, Tongass, wenyewe wakiwa hawapo, wakaiangusha nguzo ya kumkumbuka mwanamke mkuu wa ukoo aliyekufa maji, wakaikata kwa msumeno, wakaenda kuisimamisha katikati ya mji wao kama pambo. Mwaka 1929 nguzo ya mkuu G'psgolox wa Wahaisla, iliyosimamishwa mwaka 1872 baada ya ndui kumwondolea jamaa zake, ilisafirishwa hadi Sweden. Mwaka huohuo wa 1929, mwanaanthropolojia Marius Barbeau aliichukua nguzo ya Ni'isjoohl ya Wanisga'a, akaiuza makumbusho ya Edinburgh.

Zote mbili zimerudi: ya Wahaisla mwaka 2006, ya Wanisga'a mwaka 2023. Lakini ile ya Sweden ilirudi na sharti, kwamba ijengewe nyumba ya kuilinda isiharibike. Hapa nina msimamo, na najua wapenzi wa makumbusho hawataupenda. Nguzo ina umri wake. Inasimama, inaliwa na mvua, inainama, inaanguka, na miti midogo inaota juu yake. Jina likihitaji kusimamishwa tena, mrithi ataita karamu nyingine na mashahidi wengine. Kumwambia mwenye mali kwamba atarudishiwa kilicho chake ila asikiache kife kifo chake, kwangu mimi ni kukishikilia bado. Kule SGang Gwaay, kijiji cha Wahaida kilichowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, nguzo za mazishi bado zimesimama zikizeeka mbele ya msitu, na Wahaida ndio wanaoamua ziguswe au zisiguswe. Ndivyo inavyopasa.

Nao ufundi haukufa. Mwaka 1969 kijana Mhaida wa miaka 22, Robert Davidson, alichonga nguzo na kuisimamisha Masset, ya kwanza pale kwa takriban miaka 90. Wazee walikaa pamoja kukumbushana nyimbo na taratibu ambazo wengi wao walizisikia utotoni tu.

Nilimweleza shangazi mengi ya haya tukiwa tumekaa kwenye benchi. Na kigango, kwa msomaji asiyekijua, ni nguzo ya mti mgumu ambayo Wagiriama humsimamishia marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Hakihamishwi. Kinatunzwa, kinavikwa vitambaa, kinaachwa mchwa na mvua wafanye kazi yao. Tangu miaka ya 1970 vimeibwa kwa mamia na kuuzwa ng'ambo. Makumbusho ya Denver yalirudisha 30 mwaka 2019, na ya jimbo la Illinois yakarudisha 37 mwaka 2023.

Cha babu yetu kiliibwa usiku mmoja, mimi sijaanza shule. Nyumbani hakizungumzwi. Siku ile, huku watalii wakipita mbele yetu, shangazi aliniuliza kama makumbusho za huku humruhusu mtu kuingia stoo akaangalie. Nikamwambia siku hizi baadhi zinaruhusu, ukiandika barua na kueleza unachokitafuta. Akafikiri kidogo, kisha akaanza kunieleza bila haraka: kilimfikia yeye kifuani. Kichwa chake duara. Pembetatu ndogo ndogo zimekatwa kuanzia shingoni hadi kiunoni, safu mbili, si tatu. Upande wa kushoto kuna ufa, kwa sababu mti ulikauka vibaya, na fundi aliuziba kwa nta. Nikatoa simu, nikawa naandika.