Nani analipa paa la Mji Mkongwe?

Matangazo ya fleti za kifahari Mji Mkongwe, Zanzibar, yanafanana kama mapacha: ghorofa ya juu kabisa, boriti wazi, kuta za mawe, roshani inayotazama bahari, bafu la marumaru. Picha hupigwa jua linapozama, mabati ya majirani yakiwa yamegeuka rangi ya shaba. Kitu kimoja hakipigwi picha, nacho ni mfereji ulio katikati ya mabati hayo. Kwa maoni yangu mnunuzi angeanzia huko, na asipoonyeshwa arudi zake.

Nyumba hizi ukuta wake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene nusu mita na zaidi. Sakafu inabebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga chumba: upana mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, kisha humwagwa zege la chokaa na kupondwa. Zege hilo likiwa na unene wa sentimita 25, kila mita ya mraba ina kilo 400 na ushei kabla hujatandika hata mkeka. Boriti huubeba mzigo huo miaka nenda miaka rudi, mradi ni kavu.

Sasa tazama anavyofanya mkarabati wa kifahari. Anamwaga tabaka la saruji la sentimita 5, juu yake marumaru ya sentimita 2. Hapo ameongeza kama kilo 150 kwa kila mita ya mraba, na chumba cha mita 3 kwa 5 kimetwishwa zaidi ya tani 2. Halafu anapandisha tangi la lita 2,000, tani 2 nyingine zinazokaa mahali pamoja, na jakuzi kwa ajili ya wageni. Siku hiyo hakivunjiki kitu. Boriti zinapinda kidogo tu, kiungo cha marumaru kinaachia mstari mwembamba kama uzi, maji ya bafu yanapenya, na kwa kuwa yamefunikwa na saruji hayapati pa kukaukia.

Boriti huoza kichwani kwanza, pale inapoingia ukutani, kwa sababu katikati inapata hewa na kichwa hakipati. Kuipima hakuhitaji mashine. Chukua bisibisi, panda ngazi, ichomeke kwenye boriti karibu kabisa na ukuta. Ikigoma baada ya milimita 2 au 3, boriti ni nzima. Ikizama sentimita 2 bila ubishi, hilo ni ganda tu. Pima pia dari ya fleti iliyo chini, maana dari ya jirani ndiyo sakafu yako. Ukiambiwa jirani kasafiri, msubiri arudi. Na dari iliyofunikwa kwa jipsamu ifunguliwe japo pembe nne, hata kama ni mpya inanukia rangi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunajua. Ila ukuta wa matumbawe ukiuziba ufa kwa saruji utaujenga mapema zaidi. Ukuta huu hunyonya unyevu chini na kuutoa kupitia lipu ya chokaa. Lipu ya saruji, au rangi ya plastiki, inaufungia njia. Unyevu unapanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea, chumvi iliyomo inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, na baada ya masika kadhaa lipu inabanduka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Kubaya kuliko kote ni kung'oa boriti na kumwaga zege la nondo. Chumvi inashika nondo, kutu inavimba na kupasua zege, na ukuta laini umeshakabidhiwa kitu kigumu usichoweza kucheza nacho.

Chokaa nayo inataka subira ambayo mwenye mkopo wa benki hana. Ikishazimwa, yaani kumwagiwa maji ikachemka na kupoa, ikae chini ya maji wiki kadhaa. Miezi 3 ni bora. Sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga, na mchanga usiwe wa ufukweni. Lipu ipigwe tabaka la sentimita 1, inyunyiziwe maji siku kadhaa, ndipo lije jingine. Fundi anayeahidi kumaliza ukumbi kwa siku 2 amepanga kutumia saruji.

Turudi kwenye paa, ndipo penye ugomvi. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita 200 za mraba ni lita 10,000. Zote zinakimbilia mfereji wa kati, na mfereji ukizibwa na majani na mifuko, maji yanaingia kichwa cha ukuta, kule kule vilikojificha vichwa vya boriti. Mfereji uwe na upana wa sentimita 30 ili mtu apitishe mguu na kuzoa uchafu, na mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita.

Nani anamlipa anayepanda kuzoa? Zanzibar ina Sheria ya Kondominiamu tangu 2010, kwa hiyo fleti ndani ya nyumba moja zinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na paa, ngazi na kuta zikawa za wote. Kwenye karatasi ni safi. Mwenye duka la chini atauliza paa linamhusu nini, na wa juu atauliza unyevu wa msingi unamhusu nini. Mchango ugawanywe kwa mita za mraba, si kwa vichwa, na fedha ya paa na msingi iwe na akaunti yake isiyoguswa kwa taa za ngazini. Mkataba useme pia kwamba hakuna marumaru, tangi wala bafu jipya bila mhandisi kupiga hesabu ya boriti. Hicho kifungu kina thamani kuliko roshani.

Hata majumba makubwa hayasalimiki: Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Sultan Barghash wa Zanzibar, la 1883, haikuwa nyumba ya kichochoroni isiyotazamwa na mtu. Ilimeguka 2012, na Desemba 2020 sehemu kubwa ikaporomoka ukarabati ukiendelea, watu wawili wakafa.

Karatasi, kwa ufupi. Uliza Kamisheni ya Wakf kama nyumba ni wakfu, maana wakfu hauuzwi, apende asipende dalali. Nyumba ya urithi itiwe sahihi na warithi wote, pamoja na yule aliyeko Muscat, Oman. Mamlaka ya Mji Mkongwe itoe kibali kabla ya nyundo ya kwanza, si baada. Kisha omba risiti ya mara ya mwisho mfereji ulipozibuliwa. Ikiwa ni ya Februari, kabla ya masika, ketini mzungumze bei.