Mkakati wa tabianchi wa kiwanda cha chai uanzie wapi?

Kampuni nyingi za Afrika Mashariki zinaandika mikakati ya tabianchi, na karibu zote zinashauriwa kuanza na tathmini ya mambo yenye uzito. Kampuni huorodhesha masuala yanayoigusa, kama maji, ajira na gesijoto. Huwauliza wadau ni lipi linawahangaisha zaidi, hupima athari ya kila moja kwa biashara, kisha huyapanga yote kwenye mchoro wa mihimili miwili. Yanayoangukia kona ya juu kulia ndiyo yanayotengewa fedha. Soko la Hisa la Nairobi liliuingiza utaratibu huu katika mwongozo wake wa mwaka 2021. Viwango vya taarifa vya ISSB, bodi ya kimataifa ya viwango vya taarifa za uendelevu, vilivyotolewa Juni 2023 navyo vinaitaka kampuni iamue kwanza ni habari zipi zina uzito kwa wawekezaji na wakopeshaji wake.

Naiunga mkono tathmini hii, ila nina hofu na namna inavyofanywa mara nyingi. Chai ya Kenya inatosha kuonyesha faida yake na hatari yake.

Kampuni isiyoifanya hukimbilia kinachoonekana: hupanda miche siku ya mazingira na kufunga paneli za sola juu ya paa. Lakini takriban asilimia 90 ya umeme wa gridi ya Kenya tayari hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Sola itapunguza bili ya kiwanda cha chai, na hilo ni jema, ila gesijoto itakayopungua ni kidogo. Nishati nyingi ya kiwanda ni joto la kunyausha na kukausha majani, na joto hilo hutoka kwenye boila zinazochoma kuni. Huko shambani kuna mbolea ya NPK 26:5:5, yaani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Sehemu ya naitrojeni yake hugeuka kuwa oksidi ya nitrasi, gesi ambayo kilo kwa kilo hupasha dunia joto mara 273 zaidi ya kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100. Tathmini iliyofanywa kwa dhati humshusha meneja kutoka kwenye paa na kumpeleka kwenye boila na kwenye gunia la mbolea.

Tuzitazame hizo kuni. Kiwanda hununua mikaratusi kwa mita za ujazo. Ikitiwa kwenye boila ikiwa bado mbichi, sehemu kubwa ya moto huishia kukausha maji yaliyomo kwenye mti wenyewe. Banda lenye paa na pande zilizo wazi, ambamo kuni zilizopasuliwa hukaa miezi kadhaa, hupunguza kiasi kinachochomwa kwa kila kilo ya chai. Gharama yake si kubwa. Hata hivyo, hakuna mdau atakayeandika "banda la kuni" kwenye dodoso. Litajulikana tu kwa kupima.

Na hapo ndipo hofu yangu inapoanzia. Tathmini nyingi zimegeuka kura ya maoni: dodoso linatumwa kwa barua pepe, alama zinajumlishwa, wastani unachorwa. Anayejibu barua pepe ni mnunuzi, benki au mwekezaji. Mkulima anayebeba majani mabichi hadi kituo cha kununulia hafikiwi, ingawa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, wakala wa maendeleo ya chai Kenya, vinategemea wakulima wadogo zaidi ya 600,000. Hata akifikiwa, ataulizwa kuhusu "mabadiliko ya tabianchi" kana kwamba ni jambo moja. Yeye anaijua mvua ya mawe inayopukutisha vichipukizi alasiri moja, anaujua ukame wa Januari na Februari, na anaijua bei ya mbolea. Ukiyafungia yote hayo katika nukta moja, humpi nafasi ya kukwambia lipi linamuumiza.

Lakini kupima peke yake nako hakutoshi. Tafiti kadhaa za safari ya kikombe cha chai, kutoka shambani hadi mezani, zimekuta kwamba sehemu kubwa ya gesijoto hutoka nyumbani kwa mnywaji, anapochemsha maji. Kiwanda kikifuata tarakimu tu, kitaelekeza mkakati wake kwenye mabirika ya Karachi na London, mahali ambapo hakina uwezo wa kubadilisha chochote. Lazima mtu aulize pia: mkono wetu unafika wapi?

Kuna na suala la muda. Mchai uliopandwa leo unaweza kuchumwa kwa miaka 50 au zaidi, ilhali tathmini hurudiwa kila baada ya miaka michache na hujibiwa na watu wanaofikiria mapato ya msimu ujao. Mwaka 2011 watafiti wa CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha tropiki, walikadiria kwamba kufikia 2050 mwinuko unaoifaa zaidi chai ya Kenya utapanda, kutoka mita 1,500 hadi 2,100 na kuwa mita 2,000 hadi 2,300. Huko juu, sehemu nyingi ni msitu, ukiwemo wa Mau. Serikali ilianzisha Nyayo Tea Zones mwaka 1986 ili ukanda wa chai uwe kinga ya misitu dhidi ya uvamizi. Joto likizidi, chai hiyo hiyo inaweza kuwa sababu ya kuuingilia msitu.

Hapa wataalamu wanagawanyika. Viwango vya ISSB vinaangalia kinachoigusa hali ya kifedha ya kampuni. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 inataka pia madhara ambayo kampuni inawasababishia watu na mazingira. Wanaotetea upande mmoja, yaani fedha za kampuni peke yake, wana hoja nzito: taarifa ni gharama, na kwa kiwanda cha wakulima gharama hiyo hukatwa kwenye bonasi yao. Ulaya yenyewe ilirudi nyuma Februari 2025, Tume yake ilipopendekeza kuziondolea wajibu huo takriban asilimia 80 ya kampuni zilizokuwa zimelengwa. Siipuuzi hoja hiyo. Ila kwa chai naona pande mbili ndizo sahihi, kwa sababu Mau ndio unaolinda mito na unyevu wa Kericho na Bomet. Msitu ukikatwa leo, hesabu za mwaka huu hazitaonyesha lolote, na mche uliopandwa mwaka huu ndio utakaokosa maji.

Kwa hiyo ningependa viwanda vianze na vipimo vya kuni, mbolea, mvua na joto, tena kwa kila eneo. Kisha maswali yapelekwe kwenye vituo vya kununulia, kwa lugha ya wakulima, na kila janga liulizwe kivyake. Mchoro ukifika mezani, bodi iulize ni shilingi zipi zimehamishwa kwa sababu yake: je, banda la kuni limetengewa fedha, mbolea itatolewa baada ya kupima udongo, miche inayostahimili ukame imeagizwa kutoka taasisi ya utafiti wa chai pale Kericho? Kama bajeti imebaki ile ile ya mwaka jana, tathmini irudiwe kabla mkakati haujachapishwa.